Bei ya Kuwaita Watu

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika lakini joto limebaki palepale. Nimerudi kwangu Wazo, nimekaa sebuleni na baibui sijavua.

Leo tumeuza nyumba ya marehemu mama, kule Temeke.

Nianze na kinachonitia aibu. Bei iliyotangazwa, milioni sitini, niliipanga mie. Nyumba ile inafika tisini, dalali alitwambia wazi. Mdogo wangu Hamidu alitaka tutaje mia, kisha tushuke taratibu. Nikamkatalia. Nilishaona nyumba ya jirani yangu hapa ikikaa mwaka mzima kwa kutajiwa bei ya juu, mpaka watu wakaanza kuuliza ina kasoro gani. Nikamwambia tutaje bei ya chini, tuwaite wote siku moja, waonane. Wenyewe watapandishiana.

Sikumfikiria Bi Mwanahawa.

Yeye na mumewe, Mzee Athumani, wamepanga nyumba ya pili kutoka kwetu tangu mie sijaolewa. Mama alipopooza, nilikuwa nakwenda mwisho wa wiki. Siku nyingine zote aliyemwogesha ni Bi Mwanahawa. Hakuna aliyemlipa, wala hakuna aliyemwomba.

Leo walitangulia kufika kabla ya wote. Bi Mwanahawa kavaa dera jipya, mzee kavaa kanzu yake ya Ijumaa. Nikawaamkia, tukaketi. Akanishika mkono.

"Mwanangu, tulipoisikia ile bei nikamwambia mzee, hawa watoto wametukumbuka. Tukauza shamba letu la Mkuranga, watoto wakatujazia. Sitini imetimia."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hakuna mwingine aliyekuwa ameingia. Hamidu akanivuta pembeni, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, unasemaje? Tuwape?"

Nikasema, "Tuwasikilize na wengine kwanza."

Sauti yangu haikutetemeka. Hilo ndilo linalonitisha.

Wakaja wanunuzi wengine wanne. Wakaonana, kama nilivyopanga. Sitini na tano. Sabini. Mzee Athumani akasema sabini na mbili, na nilijua hana. Bi Mwanahawa akamgusa goti, mzee akanyamaza. Hata hivyo hawakuondoka. Waliketi kwa adabu zao mpaka bwana mmoja mwenye malori akataja tisini na tatu, wengine wakashindwa. Ndipo wazee wakaaga.

Yule bwana akatoa malipo ya awali palepale, mbele ya mjumbe wa mtaa. Hakuna tena cha kurudisha nyuma.

Kabla ya kupanda bodaboda nilikwenda kupiga hodi kwa Bi Mwanahawa. Nilimkuta peke yake, ameshavua lile dera, anachambua mchele. Nikamwambia ukweli: sitini haikuwa bei ya kuuzia, ilikuwa bei ya kuwaita watu. Na mpango ulikuwa wangu, si wa Hamidu wala wa dalali.

Mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Basi ungetwambia tusije, mwanangu."

Natamani angenitukana. Akaniuliza kama nimekula. Nikamjibu nimekula, na tangu asubuhi sikuwa nimeonja kitu.

Njia nzima nimejitetea kimoyomoyo. Nyumba ni ya urithi. Hamidu ana watoto wa kusomesha. Bei ya kwanza si ahadi, kila muuzaji anapanga anavyojua. Yote hayo ni kweli.

Lakini wale wazee hawakuwa wanunuzi tu. Nilijua wamekuja kwa sababu gani, nikawaacha waendelee kukaa kwenye makochi ya mama ili bei ipate pa kuanzia.

Shamba halirudi. Kodi wataendelea kulipa, na sasa watamwangalia mtu mwingine akifungua mlango ambao walikuwa wanaingia bila kubisha.

Nimefikiria kuwapelekea kitu kutoka kwenye fungu langu. Nitawapelekea. Ila nitakapofika pale mlangoni, nitakuwa nimewaletea wao, au nimekuja kujinunulia usingizi wangu?

Hamidu amepiga simu sasa hivi, ana furaha ambayo sijaisikia kwake tangu msiba. Amesema, "Dada, kumbe wewe una akili ya biashara."

Nimemwambia asante.