Zafarani na Ile "Nzuri"

Jumatatu, 3 Machi
Sijamwambia mtu, hata mama. Namba zote nilizojaza wiki iliyopita nimezibuni mimi!
Kazi yenyewe nyepesi. Daktari anachunguza kama zafarani hutuliza moyo. Watu arobaini wanameza vidonge: nusu vina zafarani, nusu unga mtupu, na hakuna anayejua kameza kipi. Mimi nawauliza kila asubuhi: leo unajisikiaje, moja hadi kumi? Lakini wote wakubwa zangu. Naona haya kumdai mtu mzima namba! Basi nawaamkia tu — shikamoo, habari za leo? Akisema "nzuri", naandika nane. "Nzuri sana", tisa. "Nzuri tu" — saba.

Jumanne, 4 Machi
Daktari kashika kichwa. Eti watu hawa walikuja wakilia, na siku ya kwanza tu, zafarani haijafika hata tumboni, wote wako nane! Nesi akasema basi tuuze unga. Nikacheka nao. Kicheko cha mwizi.

Alhamisi, 6 Machi
Wa kwanza leo, fundi saa, mzee aliyefiwa na mkewe, kanijibu "nzuri, mjukuu wangu" — huku anafuta macho. Kalamu ikagoma. Nikajikaza: "Na ukweli je, babu?"
Akainamisha sikio, kama anasikiliza saa. "Ukweli? Mbili." Kisha: "Andika tatu. Moja ni ya kuulizwa."
Wote waliofuata nikawauliza hivyo hivyo. Dada wa saluni: "Kumbe Bi Kimya una ulimi!" Naye nne. Mama muuza maua tano na nusu — hiyo nusu kaing'ang'ania! Nimerudi nyumbani narukaruka.

Ijumaa, 7 Machi
Lo! Daktari kaona wote wameporomoka kwa siku moja. Anadhani vidonge vimeharibika. Saa nne anavitupa vyote, utafiti unakufa. Nesi keshaleta sanduku. Na vidonge havina kosa — kosa ni "nzuri" yangu!
Niko kwenye benchi, nje ya ofisi yake. Nimeshabisha hodi. Nasikia viatu vyake. Najua ataanza na "hujambo, binti?" Leo sisemi sijambo. Nitasema tatu. Labda nne, akiuliza vizuri.
Kitasa kinazunguka. Daftari langu, usimwambie mtu — ngoja kwanza niseme mwenyewe —