Mtoto Mwenye Adabu

Faith, mtoto wa wifi yangu Damari amefia tumboni. Zilibaki wiki mbili tu!

Tangu juzi alikuwa hachezi. Damari akamwambia mama, mama akacheka: "Huyo ana adabu, mwanangu. Anajikusanyia nguvu za kutoka." Damari akafurahi, akarudi kupalilia alizeti.

Ana adabu! Faith, ana adabu!

Leo kliniki nesi kamuuliza, "Mara ya mwisho alicheza lini?" Damari akajibu huku anatabasamu, "Ametulia, nesi. Ana adabu."

Nesi akaweka kile kipembe cha kusikilizia mapigo. Kushoto, kulia, kushoto tena. Hakuna kitu.

Mama amekaa chini hapa nje, hataki kumwangalia mtu.

Huyo wako wa tumboni amecheza leo? Nijibu sasa hivi.