Mikono ya Bi Mwanaisha

Jumanne, tarehe tisa Mfunguo Tano

Nilimkasirikia Zuhura leo, na sasa naona haya.

Mama ana mwezi wa pili haondoki kitandani, tangu apooze upande mmoja. Mimi na dada yangu Zuhura tukitaka kumsogeza humshika makwapani tukamvuta, naye hulia. Jana niliona ngozi ya mgongo imechunika. Ni sisi tuliomchuna.

Asubuhi Zuhura akaja na Bi Mwanaisha, mwosha maiti wa mtaa wetu. Nikamzuia mlangoni. "Mama yu hai," nikamwambia.

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja leo."

Alimlaza mama ubavu, akapenyeza shuka mbili laini chini yake, moja juu ya nyingine, kisha akamrudisha chali. Zuhura akashika pembe za huku, mimi za kule. "Msimwinue. Hiyo ya juu ivuteni iteleze." Tukavuta pamoja. Mama akapanda hadi kwenye mto bila hata kuguna.

Mama alikuwa amefumbua macho, naye alimjua Bi Mwanaisha ni nani. Niliogopa atafikiri nini. Akasema, kwa ulimi ule mzito, "Na siku yangu, nishike vivi hivi."

Bi Mwanaisha alinitazama mimi. "Watakushika wanao, Bi mkubwa. Leo wamejua."

Jioni tulimsogeza tena, sisi wawili tu. Mama hakulia. Aliyelia ni mimi.