Namba Iliyo Juu ya Mlango

Jumatatu, 6 Mei
Hisabati vipindi vinne, na kikohozi kisichoisha. Baridi ya Kilolo haina adabu. Fundi amemaliza kupaka rangi juu ya mlango wa chumba cha mwisho: 8,388,607. Chukua mbili ishirini na tatu, zizidishe zote, toa moja. Namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Imependeza. Jumamosi ni siku ya wazazi. Baada ya hapo Mama Mkuu ataamua kama chumba ni cha klabu yangu ya hisabati au cha kwaya ya Mwalimu Sanga. Kwaya wana kinanda. Mimi nina namba. Sina wasiwasi.

Jumanne, 7 Mei
Nimewafundisha wasichana siri ya namba za ukoo huu. Usihangaike na kila kigawo. Kwa mbili kumi na tisa, toa moja, yaani 524,287, namba tasa inayoweza kuigawanya lazima iwe kigawe cha 38, yaani kumi na tisa mara mbili, ukiongeza moja. Zikabaki sita tu za kujaribu. Zote zikashindwa. Tasa. Walipiga makofi. Sanga alichungulia dirishani, akasema watu wa Mbeya tunajisikia. Kweli, tunajisikia.

Alhamisi, 9 Mei
Bahati wa kidato cha pili aliomba kuijaribu ile ya mlangoni. Hapo ni vigawe vya 46 ukiongeza moja, kwa hiyo ya kwanza kabisa ni 47. Akagawanya. Hakikubaki kitu. Akarudia. Nikagawanya mwenyewe. 47 mara 178,481. Si tasa, na sikuwahi kuijaribu. Niliona mbili kumi na saba imekubali, kumi na tisa imekubali, nikadhani na hii itakubali.

Nilimwambia Bahati afute ubao na asimwambie mtu. Akafuta. Hakunitazama.

Ijumaa, 10 Mei
Hakuna mzazi atakayegawanya kwa 47. Najiambia hivyo tangu asubuhi. Fundi yuko Mgololo hadi wiki ijayo. Naweza kupaka chokaa mwenyewe, lakini kila mtu atauliza. Bahati hakunyoosha mkono kipindi kizima. Hilo limeniuma kuliko namba. Najichukia.

Jumamosi, 11 Mei
Kwaya waliimba vizuri mno, niseme ukweli. Ikaja zamu yangu. Nikasimama mlangoni nikasema: "Hii namba ni kosa langu. Bahati ndiye aliyeliona, mimi nikamnyamazisha. Njoo uwaonyeshe, mwanangu." Alikuja. Chaki ilimkatikia. Alipofika kwenye sifuri baba mmoja alicheka kwa sauti, wengine wakamfuata. Nilisimama tu, kichwa juu, masikio yakiwaka moto.

Jumatatu, 13 Mei
Mama Mkuu aliniita. Chumba ni cha kwaya. "Ungekagua kwanza, Mwalimu," alisema. Hana kosa. Nilikwenda kumpongeza Sanga. Imeniuma sana.

Jumamosi, 18 Mei
Klabu imekutana bwaloni, kwenye meza zinazonuka maharage. Nilitarajia wachache. Walijaa, hata wale wanaokimbia hisabati, kila mmoja anataka kuvunja namba. Bahati alinyoosha mkono. Akauliza kama mbili ishirini na tisa, toa moja, ni tasa.

Wiki mbili zilizopita ningejibu papo hapo. Nikasema sijui. Hawajazoea kusikia hivyo kwangu. Kisha wakafungua madaftari, tukaanza na 59.