Kibali Kimetoka kwa Jina Langu, Mume Anataka Kumpiga Elki Wangu

Mpendwa Shangazi Oma, naomba msaada, na ukiweza unijibu kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo msimu wa kuwinda elki dume, wale kulungu wakubwa kama farasi, unafunguliwa huku Kentucky kwetu na nyumbani kwangu hapakaliki. Mume wangu Delmer ameomba kibali cha kumwinda mmoja tangu tuoane, kila mwaka anaingiza jina lake kwenye bahati nasibu na kila mwaka anakosa, basi safari hii akaliingiza na langu ili ajiongezee bahati, wala hakuniuliza, na walipochezesha likatoka langu, lake likabaki. Nilipiga kelele jikoni mpaka mkate wa mahindi ukaungua, naye akanikumbatia akasema, "Mke wangu, tumepata," kumbe hiyo "tumepata" maana yake ni yeye. Tangu hapo amenunua risasi, amemwalika kaka yake Coy, ameshusha picha yetu ya harusi ukutani ili kichwa cha elki kipate pa kukaa, na kila jioni anakaa barazani anapuliza baragumu lake la kuitia madume mpaka mbwa wa jirani wamechanganyikiwa. Jumapili tulipotoka kanisani, tukiwa mezani, nikamwambia nataka kumpiga mwenyewe. Akacheka.

"Wewe? Elki si kindi, mama."

"Kwani kibali kina jina la nani?"

"Jina lako, lakini bega ni langu. Wewe utasimama pembeni, mimi nitapiga, halafu utasema umepiga wewe. Huyu mmoja tu. Nani atajua?"

Wifi yangu Retha akadakia, "Delmer, wewe si ndiye uliyemkosa bata mzinga aliyesinzia?" Delmer kanuna mpaka leo.

Shangazi, bunduki nilifundishwa na baba, kulungu napiga kila mwaka, na nyama iliyo kwenye friza letu nimeileta mimi. Baba alikuwepo siku elki wa kwanza walipoletwa wakaachiliwa huku, naye aliomba kibali mpaka akafariki bila jina lake kutoka. Nataka nimpige kwa bunduki yake. Lakini Delmer nampenda, ni mtu mwema, na sitaki pembe za mnyama zinivunjie ndoa. Nimwachie tu yaishe?

Mwenye Jina, Bonde la Turkey Lick

Shangazi Oma anajibu:

Mwanangu, umeficha jina lako lakini la mume, la shemeji na la wifi umeyaandika yote, kwa hiyo bonde zima limeshajua. Afadhali, sasa tuzungumze wazi.

Usimwachie. Kibali si bakuli la maharage useme leo sina njaa, kula wewe. Akipiga yeye kwa jina lako huo ni ujangili, hata kama ndoa yenu ilifungwa na wachungaji watatu, na askari wa wanyamapori akiwakamata mtalia wote wawili.

Mimi pia nilikuwepo siku ile, juu ya kilima ambacho mgodi wa makaa ulikikata kilele ukaacha majani matupu, magari yalipowaleta elki kutoka magharibi. Watu wazima walilia. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona elki akitembea huku, kwa sababu mababu zetu waliwapiga wakaisha, na kila mmoja alisema huyu mmoja tu, nani atajua. Ni maneno yaleyale ya Delmer. Tumewapata tena kwa kuwa kila kibali kina mtu wake na kila mtu anangoja zamu yake. Zamu hii ni yako.

Nawe usijione huna kosa. Aliposhusha picha ya harusi ulinyamaza, ukaja kunilalamikia mimi gazetini. Irudishe leo.

Kisha fanya hivi. Alhamisi waalike Delmer na Coy uwanja wa shabaha, upige mbele yao bila kujigamba, karatasi itasema. Halafu mumeo mwambie ukweli mwingine, kwa upole, maana mtu aliyekosa miaka yote hiyo ana uchungu wake. Nimemsikia kwenye mashindano ya kaunti, na kwa kuita dume hakuna anayemfikia. Akae nyuma yako, aite. Dume atakuja kwa baragumu lake, ataanguka kwa risasi yako, na kumbeba mpaka kwenye gari mtabeba wote, hapo ndipo bega lake litapata kazi. Akikataa, mwache barazani na mbwa wa jirani, uende na Retha.

Kichwa mtakitafutia ukuta mwingine.

Na Jumamosi, vidole vikiwa na baridi na mtu anakunong'oneza nyuma, "Sasa, sasa," usimsikilize. Vuta pumzi kama baba yako alivyokufundisha, halafu piga.