Jino Lako Limesema Kortini

Kazungu, mtani wangu,

Huko uliko wasemaje? Mimi mzima, na bado hakuna anipitaye kwa uongo toka Malindi hadi Kikambala. Mwandiko huu usiucheke. Kuku akipekua majivu anaandika vizuri zaidi, lakini kuku hana la kukwambia. Mimi ninalo.

Lile lori la nazi lilipowaka moto njia ya Kilifi, mlikwenda wawili, wewe na Bakari dereva. Moto haukubakisha sura, ndugu yangu. Mlikuwa warefu nyote, lakini mochari tulikuta mwili mmoja mrefu, wa pili umejikunja. Mimi nikapiga kifua mbele ya ukoo mzima: "Huyu mrefu ndiye Kazungu! Namjua hata nikifumba macho!" Mkeo Kadzo akaniuliza polepole, "Una hakika, shemeji? Sitaki kulilia kaburi la mtu mwingine." Nikamwambia hakika. Nikamlilia yule mrefu mpaka sauti ikakauka.

Wana wa Bakari wakaja juu: "Huyo ni baba yetu! Kaburi lishachimbwa, maiti haingojeshwi!" Ikawa mvutano, hata polisi wakatupeleka kortini Malindi.

Ndipo akaletwa mama mmoja, daktari wa meno. Nikamcheka: "Mama, maiti haumwi na jino!" Akatabasamu tu. "Mzee, rafiki yako aliwahi kutibiwa meno?"

Lo! Aniulize mimi? Nikamweleza ile siku sokoni tuliyobishana, ukafua nazi kwa meno. Nazi ilitoka, na jino la mbele likabaki kwenye kumbi! Yule tabibu wa Kihindi karibu na soko akakuwekea la bandia. Basi yule mama akamwendea, akaipata picha ya taya lako, akailinganisha na alizopiga mochari. Mizizi, pengo, kile kichuma kilichoshika jino, vyote sawasawa.

Akamweleza hakimu taratibu, kama mtu anayesuka ukili wa mkeka. Moto hukunja mwili, akasema, lakini jino ni gumu, moto huliacha mwisho. Niliposimama niongeze langu, hakimu akaniambia, "Mzee, kaa."

Kumbe wewe ndiye yule aliyejikunja. Niliyemlilia ni Bakari!

Cheka, una haki. Kidogo tumzike mtu wa swala tano kwetu, tummwagie tembo la mnazi na ngoma juu. Angekuja kunitoa kitandani kwa masikio. Na wewe ungelala kule kwao na ubani, unangoja mnazi, haufiki.

Wana wa Bakari walimchukua baba yao kwa amani, wakaja na kwenye matanga yako. Kadzo hupita kaburini asubuhi akienda shamba, anakuita kwa jina, anakusengenyea mbuzi wa jirani. Hasiti. Yule mama ndiye aliyempa hilo.

Nawe, bwana! Maisha yote mimi ndiye msemaji wako. Watu walikuamkia, nikawaitikia mimi. Siku ya siku ukanishinda kwa jino moja.

Basi lala, mtani wangu. Hadithi zangu zote nazitia chumvi, wajua. Hii ya jino lako nitaisimulia kavu, vile vile alivyoisema yule mama kortini. Nikithubutu kuongeza neno, uning'ate.

Ni mimi, mtani wako,
Ngumbao