Jambo Lililonizuia

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umesharudi kutoka zamu ya alfajiri, umenawa unga mikononi na umekaa. Kama hujakaa, kaa kwanza. Mimi mwilini ni mzima. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji, je, ameurekebisha ule mlango wa jikoni, au bado anakuna kichwa kila akiulizwa? Najua unawasomea wazee barua zangu kwa sauti, Mama akikutegea lile sikio lake zima na Baba akidai miwani yake imepotea. Hii wasomee mpaka nitakapokuambia uishie. Kinachofuata ni chako peke yako.

Chuo ni kizuri. Ngazi za bweni letu zinanuka dawa ya kusafishia, na dirisha la chumba changu linatazama maegesho ya magari ya wahadhiri. Maktaba ni kubwa mno; siku ya kwanza nilipotea humo, nikaona haya kuuliza mlango wa kutokea, nikavuta kiti na kujifanya nasoma kitabu cha madini mpaka nilipomwona mtu anayetoka nikamfuata. Hapo Baba atacheka. Mwache acheke.

Basi ishia hapo, Dada. Waambie zimebaki salamu tu.

Unakumbuka matokeo yangu yalipotoka. Alama za katikati, na mtihani wa kuingia chuo nao ukaja na alama za katikati. Wakati huo Baba alikuwa ameshamwambia kila aliyekaa kwenye kiti chake cha kunyolea kwamba binti yake wa mwisho anakwenda chuo kikuu cha umma, tena kikubwa. Mwalimu wa ushauri pale shuleni alinionya mapema. Alisema alama zangu si mbaya, shida ni kwamba si nzuri, na vyuo vile vinaombwa na umati na kuchagua wachache. Akanitajia chuo cha ualimu ambacho kingenipokea bila maneno mengi. Nilimwona ananidharau. Nikaomba vyuo vikuu vitatu. Viwili vikanikataa, na kila kimoja kiliponikataa wewe ulisema wamejinyima wenyewe, kisha ukanipakulia chakula cha watu wawili.

Cha tatu kilitaka na insha. Swali lilikuwa hili: eleza jambo lililokuzuia kufikia uwezo wako, na jinsi ulivyopambana nalo. Nilikaa mbele ya kompyuta kwenye lile duka la fotokopi, mwenye duka akinitazama kwa jicho la mtu anayesubiri kiti, nikatafuta jambo lililonizuia. Sikuliona. Mwaka ule wa mtihani hukuniruhusu kushika hata ufagio. Ulinipa chumba chenye mwanga, wewe na shemeji mkahamia sebuleni. Yeye alisikiliza mpira kwa visikilizio asinisumbue, na bao likiingia alishangilia kwa mikono tu kama bubu. Hakuna kilichonizuia, Dada. Nilisoma kwa nguvu zangu zote nikapata nilichopata. Kuandika hivyo ilikuwa sawa na kuandika kwamba uwezo wangu ndio ule. Nikashindwa.

Nikaandika kwamba dada yangu alifariki mwaka wa mtihani.

Usidhani iliniponyoka. Nilikuchagulia ugonjwa. Nikaandika jinsi nilivyokuuguza wodini, daftari likiwa magotini, na jinsi nilivyoingia chumba cha mtihani nikitoka kukuzika. Kisha nikairudia yote nikisahihisha tahajia.

Waliniita kwenye usaili. Walikuwa watu watatu, na katikati yao profesa mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya ugonjwa na hospitali. Yeye hakuuliza hayo. Aliniomba nimweleze marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Hilo sikuwa nimelitungia jibu, kwa hiyo nikasema kweli tupu. Nikamwambia unaimba ukikanda unga, na sauti yako haikai kwenye wimbo hata kidogo, mpaka wenzako wa kiwanda cha mikate wanakuomba uwahurumie. Nikamwambia ukiwa na hasira husemi neno, unaosha tu masufuria yaliyokwisha oshwa. Nikamwambia ulikuwa ukidai umeshakula kazini, kumbe hujala. Yule mama akavua miwani, akafuta macho. Akasema, "Pole sana, mwanangu." Nami nikaipokea pole yako, Dada. Nikasema asante.

Nikachaguliwa. Mlipopiga vigelegele nyumbani, wewe ndiye uliyepiga kwa sauti kubwa kuliko wote, na mimi nilikimbilia bafuni. Mkadhani ni furaha.

Hapa chuoni profesa alikuwa akinikuta ukumbini ananishika bega na kuuliza naendeleaje na msiba. Nikaanza kupita ngazi za nyuma. Nilijiambia muda utapita, atasahau. Hakusahau. Wiki iliyopita alimtuma kwangu msichana mmoja wa bweni la jirani, aliyemzika dada yake chuo kilipokuwa kinafunguliwa. Profesa alikuwa amemwambia kuna mwenzake aliyepitia hayo na bado amesimama, akazungumze naye.

Msichana alikuja mchana, baada ya chakula. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, begi likiwa bado mgongoni, akaniuliza ilinichukua muda gani kuacha kumpigia simu. Alisema yeye bado anapiga namba ya dada yake, anasikiliza ile sauti inayosema namba haipatikani, anakata, anapiga tena. Aliuliza kama mtu anayeuliza dawa.

Simu yangu ilikuwa kitandani katikati yetu. Ikaita. Ndiyo ile simu yako ya Jumanne, uliyoniuliza baadaye kwa nini sikuipokea. Kwenye kioo imeandikwa "Dada". Akaiona. Akaniuliza, polepole, kama nina dada mwingine. Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamwambia, "Ni yule yule."

Aliitazama simu mpaka ilipoacha kuita. Hakunitukana. Alisimama, akakaza mikanda ya begi lake, akasema, "Ungepokea." Akatoka.

Nilikwenda kwa profesa siku hiyohiyo, kwa sababu sikutaka yule msichana abebe na hilo pia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Akauliza, "Kwa hiyo yupo?" Nikasema yupo. Akauliza kama bado anaimba vibaya. Nikasema bado. Akasema neno moja tu linaloninyima usingizi: "Nilimlilia." Baadaye, akinifungulia mlango, aliniambia kuna mtu mwenye alama kama zangu aliyeandika ukweli wake, akakosa nafasi niliyoipata mimi.

Kamati imekaa. Nimefutwa. Nafasi yangu imekwenda kwa mwingine na nimefurahi kusikia hivyo, ingawa furaha yenyewe inauma. Ijumaa narudi nyumbani. Nitamwandikia yule mwalimu wa ushauri kumuuliza kama chuo cha ualimu bado kinapokea watu, na safari hii nitapeleka alama zangu zilivyo.

Naomba usimwambie Baba. Nitakwenda mwenyewe kwenye saluni yake na kumwambia mbele ya haohao aliojisifu kwao, maana yeye ndiye atakayebaki akiwatazama kwenye kioo. Tangu utotoni makosa yangu nyumbani umeyasema wewe, kwa maneno laini kuliko nilivyostahili. Hili niachie.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie shemeji na majirani wote, hata yule mama wa ghorofa ya juu anayetumwagia maji ya kudekia. Na wewe, ukikasirika, kasirika kwa kinywa, usikimbilie masufuria. Tafadhali usinijibu kwamba haina neno. Kila nilipokosea umeniambia haina neno. Hii ina neno, Dada.

Mdogo wako,
Kitinda